Shimo la Mgeni Rasmi

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Uwandani kwenye ramani. Imo, lakini kila ramani ya nchi hiyo hugongwa mhuri wa Wizara ya Ardhi, na mhuri wenyewe ni mkubwa kuliko nchi.

Watu wa Uwandani ni wakulima, na kwa sababu hiyo serikali yao iliona si busara kilimo kuachwa mikononi mwa wakulima. Ikaanzisha Shule ya Kitaifa ya Kilimo ya Vipaji Maalumu, mahali paitwapo Nyamburi. Kila mwaka watoto elfu arobaini na moja hufanya mtihani wa kuingia, na sitini huchaguliwa kusoma kwa miaka miwili. Barua ya kila mmoja husainiwa na Waziri wa Kilimo mwenyewe. Mtihani si wa mchezo. Huuliza tumbo la ng'ombe lina vyumba vingapi, Wizara ilianzishwa mwaka gani, na Waziri wa kwanza alivaa viatu vya namba ngapi alipoikagua pamba.

Shule ina ekari sitini za udongo mweusi zinazoteremka hadi mtoni. Ina maabara, na ina majembe sitini yaliyopakwa rangi za bendera ambayo hutumika kwenye gwaride la Siku ya Mkulima. Katika ofisi ya Mwalimu Mkuu limo jembe la sitini na moja, ndani ya kabati la kioo. Ndilo alilotumia Rais wa kwanza kufungulia shule. Hufutwa vumbi kila Ijumaa, kwa glavu.

Mambo ya shule huongozwa na nyaraka mbili. Waraka Namba 4 unasema kwamba shule ya kilimo italima chakula chake, kwa hiyo haitapelekewa chakula. Waraka Namba 9 unasema kwamba shamba la umma halitapandwa kabla mgeni rasmi hajapanda mbegu ya kwanza. Kila waraka una mantiki yake. Uliandikwa na ofisi yake, kwenye ghorofa yake, na lifti ya Wizara ilikuwa mbovu.

*

Mwaka ninaousimulia, kidato cha tano kilikuwa na msichana aitwaye Nyamizi Kasubi. Alipata alama tisini na nane katika mtihani wa kuingia. Alama mbili alizipoteza kwenye swali la arobaini: Mvua za masika huanza lini? Jibu sahihi lilikuwa Machi 15, kama ilivyotangazwa na Wizara. Nyamizi aliandika: Zinapoanza. Wasahihishaji walijadili kama huo ni ujinga au ni utovu wa adabu, wakakata alama moja kwa kila uwezekano.

Alikuwa amelelewa na babu yake, mkulima wa mahindi na kunde, katika wilaya ambayo haikuwa na shule ya kidato cha tano. Siku alipoondoka, babu hakumpa nasaha yoyote. Alimwambia tu, "Huko wakikuuliza kitu usichokijua, sema hujui. Wakikuuliza unachokijua, angalia kwanza nani anauliza." Nyamizi alishika sehemu ya kwanza.

Mwaka huo Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Daktari Ndekule, alithibitisha kwa barua kwamba atakuwa mgeni rasmi Nyamburi tarehe 15 Machi. Matayarisho yakaanza. Shamba lilitifuliwa kwa trekta. Turubai likasimamishwa. Kati ya shamba na majengo ya shule likawekwa bango lenye urefu wa mita arobaini, likiwa na picha ya Waziri akitabasamu na maneno KARIBU BABA WA MBEGU. Mbele ya bango likachimbwa shimo.

Shimo hilo nililiona kwa macho yangu, maana kuna wanaodhani nimelitunga. Lilikuwa na kina cha sentimita tano, limepimwa kwa rula, na ukingo wake umesakafiwa kwa saruji nyeupe ili viatu vya Waziri visiingie tope. Juu yake uliwekwa mwavuli wa Wizara. Viranja wawili walililinda kwa zamu, kwa sababu mwaka wa nyuma kuku aliingia katika shimo kama hilo, na sherehe ikahesabiwa kuwa imefanywa na kuku.

Mvua zikaanza kunyesha Machi 9. Mwalimu Mkuu, Bwana Lwambano, alizitazama dirishani akaandika kwenye daftari la shule: "Manyunyu yasiyo rasmi."

Yalinyesha siku tano mfululizo. Siku ya sita ikafika barua: Waziri ameitwa kwenye semina ya ukame katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Uzinduzi umesogezwa hadi Aprili 2.

Nyamizi alimfuata Mwalimu Mkuu barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Mwalimu, mvua hizi ndizo za kupandia. Zikipita wiki mbili hatujaweka mbegu, tutavuna mabua."

Bwana Lwambano alikuwa mtu mpole. Alikuwa amesomea udongo kwa miaka saba, na alikuwa hajaugusa kwa miaka kumi na tisa. "Nyamizi," alisema, "wewe si ndiye uliyekosa swali la mvua?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Basi usilirudie kosa hilo hilo mbele yangu."

*

Muda uliopatikana ulitumiwa vizuri. Mwalimu wa kwaya, Bwana Kibelenge, aliagizwa kuandaa wimbo wa kumkaribisha mgeni wenye beti thelathini na mbili, na mazoezi yakawekwa kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Masomo yalisimamishwa. Kila mwanafunzi alipimwa sauti peke yake. Themanini na watatu walifaulu. Thelathini na saba walishindwa, Nyamizi akiwa wa mwisho kabisa. Bwana Kibelenge aliandika kwenye fomu yake kwamba sauti hiyo ifungiwe. Walioshindwa waliamriwa kukaa mbali kiasi cha kutosikika. Ndani ya uzio wa shule palikuwa na mahali pamoja tu pa mbali hivyo: nyuma ya bango, shambani.

Hivyo ndivyo thelathini na saba hao walivyojikuta wamesimama juu ya udongo uliotifuliwa, wenye unyevu hadi kifundoni, asubuhi ya Machi 17, bila kazi yoyote na bila mtu wa kuwaona.

"Tukae tu hivi?" aliuliza mmoja.

"Wewe unajua kuimba?" Nyamizi akamuuliza.

"Sijui."

"Basi kachukue jembe."

Majembe ya gwaride yalikuwa stoo, karibu na jiko. Mpishi wa shule, Bi Sikitu, aliwaona wakiyabeba, akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Haya mnayapeleka wapi? Leo si Siku ya Mkulima."

"Shambani, mama."

Bi Sikitu aliitazama stoo yake. Alikuwa na magunia kumi na manne ya mahindi yaliyobaki, vinywa mia moja na ishirini, na hesabu ya darasa la nne. Hesabu ilimwambia yataisha Juni. Akaingia ndani, akatoka na madebe matano ya mbegu alizokuwa amezichambua mwenyewe kutoka mavuno ya mwaka uliopita. Hakuna aliyemwagiza kuzichambua. Alisema alikuwa na mazoea hayo.

"Mbegu mbili kila shimo," alisema. "Na mrudishe madebe. Madebe ni ya serikali."

Walipanda ekari nane kwa siku tisa. Upande wa pili wa bango kwaya ilikuwa imefika ubeti wa kumi na moja, usemao kwamba Waziri ni mvua. Rangi za bendera zilianza kubanduka kwenye mipini.

Sherehe ya Aprili 2 ikasogezwa hadi Aprili 28. Ya Aprili 28 ikasogezwa hadi tarehe itakayotangazwa. Mvua zikafika mwisho wake wa kawaida na kuondoka bila kuaga. Ekari hamsini na mbili zilibaki tupu, zikiwa zimetayarishwa vizuri sana. Shimo la mgeni rasmi lilikuwa kavu kabisa chini ya mwavuli wake, na viranja walipewa cheti.

*

Mahindi hayafichiki milele. Asubuhi ya Mei 22 Bwana Lwambano alitoka ofisini, akatazama bango, akaona kwamba juu ya kichwa cha Waziri zimeota nywele za rangi ya dhahabu. Alisogea. Zilikuwa mbelewele za mahindi.

Alizunguka bango kwa mara ya kwanza tangu Machi. Alisimama huko kwa dakika ishirini. Wanaosema kwamba aligusa jani moja na kulipapasa hawana ushahidi. Kisha akamwita Nyamizi, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, akipalilia.

"Mahindi haya," alisema kwa sauti ya chini, "yamezinduliwa na nani?"

"Hayajazinduliwa, Mwalimu. Yamepandwa tu."

"Na nani?"

"Sisi tusiojua kuimba."

"Kwa mamlaka gani?"

Nyamizi alifikiri. "Udongo ulikuwa na maji, Mwalimu."

"Hiyo ni sababu. Mimi nauliza mamlaka."

Bi Sikitu alikuwa amekuja nyuma yao na beseni kiunoni. "Mwalimu, samahani. Nimebakiza magunia matano. Yakiisha, ule waraka wako nauchemsha kwa dakika ngapi?"

Bwana Lwambano alirudi ofisini akaandika taarifa wizarani, kwa sababu alikuwa mtumishi mwaminifu, na kwa sababu bango lilikuwa linaonekana kutoka barabarani.

*

Wizara ilimtuma Afisa Itifaki, Bwana Mtimba. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, na aliendesha Kamati ya Dharura kwa siku nne. Suala lilikuwa zito. Mahindi yakikubaliwa kuwa mahindi, basi shamba limepandwa, na Waziri hana cha kuzindua. Yakikataliwa kuwa mahindi, lazima yawe kitu.

Siku ya tatu mwalimu wa kilimo aliombwa kusoma kitabu cha kiada, ukurasa wa sitini na mbili. Akasoma: "Gugu ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa."

"Mahindi haya yanatakiwa hapa?" aliuliza Bwana Mtimba.

"Kwa mujibu wa Waraka Namba 9, bado."

"Basi ni magugu," alisema Bwana Mtimba, na wajumbe wote wakapumua.

Palitokea hoja kwamba magugu yang'olewe. Bwana Mtimba mwenyewe aliitetea kwa nguvu, hadi mjumbe mmoja alipokumbusha kwamba palizi ni hatua ya pili ya kilimo, na hatua ya pili haiwezi kufanyika kabla ya ya kwanza kuzinduliwa. Kamati ikaazimia kwamba ekari nane za magugu zibaki kama zilivyo, zikisubiri Waziri.

Ilibaki habari ya Nyamizi. Bwana Mtimba alimwita mbele ya meza.

"Binti, unajua kwamba umevunja Waraka?"

"Naujua, bwana. Na nimeusoma Namba 4 pia, unaosema tulime chakula chetu."

"Hukuulizwa Namba 4."

Barua ya kumfukuza iliandikwa siku hiyo hiyo. Ilisema kwamba hatapokelewa katika shule nyingine yoyote ya umma ya Uwandani, na katika Uwandani hakuna shule za kidato cha tano ambazo si za umma. Lakini wanafunzi wa vipaji maalumu huteuliwa kwa saini ya Waziri, kwa hiyo hufukuzwa kwa saini ya Waziri. Barua iliwekwa kwenye jalada, na jalada likawekwa ndani ya kabati la kioo, chini ya jembe, mpaka Mheshimiwa atakapokuja. Tangu siku hiyo shimo na Nyamizi walikuwa wanamsubiri mtu mmoja.

Unga wa stoo uliisha Juni 24. Juni 25 Bi Sikitu alipeleka masufuria kando ya shamba, na shule ikala mahindi mabichi. Mwishoni mwa Julai yalivunwa makavu, magunia mia na arobaini. Katika daftari la jiko, mahali pa kuandika chakula cha siku, kiranja wa zamu aliandika "magugu na maharage," na siku za Jumapili "magugu na nyama." Shule nyingine tatu za kilimo zilifungwa mwezi huo kwa njaa. Zote zilikuwa zimefuata Waraka.

*

Mheshimiwa Daktari Ndekule alifika Agosti 19, jua likiwaka, vumbi likimtangulia. Kwaya iliimba beti zote thelathini na mbili. Saa nne kamili asubuhi aliinama, mwavuli ukaondolewa, akatia mbegu moja ndani ya shimo, akaifukia kwa kijiko cha fedha na kuimwagia maji ya chupa. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi, tangu utoto wangu nimeipenda mvua, na mvua inanipenda. Wako wanaosema nchi yetu ina njaa. Nchi yetu haina njaa! Ina tatizo la watu kula mapema. Mkulima wa kisasa hapandi kwa sababu mvua imenyesha. Hivyo hata ndege hufanya. Mkulima wa kisasa hupanda kwa sababu ameruhusiwa!"

Alizungumza kwa saa mbili na nusu. Wageni wawili walizimia, na wakasifiwa kwa kuwa makini.

Saa saba akaketi kula. Bi Sikitu alileta ugali, mweupe, laini, unatoa mvuke. Waziri alikata tonge, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Ugali kama huu," alisema, "sijala tangu mama yangu afariki. Unga huu umetoka wapi?"

Bwana Lwambano alikitazama kiatu chake. Waziri aligeuza macho na kumwona msichana aliyeshika birika la kunawia.

"Binti, unga huu umetoka wapi?"

Nyamizi aliweka birika chini. "Hapa shambani, Mheshimiwa."

"Shamba lipi? Shamba si nimelizindua leo?"

Ndipo Bwana Mtimba akainuka. Watu wengi humdharau Afisa Itifaki, lakini ni kwa sababu yake serikali hazianguki. "Ndiyo, Mheshimiwa," alisema. "Haya ni matokeo ya uzinduzi wako."

Waziri alitazama saa yake. "Nimepanda saa nne."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sasa ni saa saba."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Saa tatu," alisema Waziri taratibu. Akalitazama tonge kwa unyenyekevu ambao wasaidizi wake hawakuwahi kuuona. "Nilijua nina mkono mzuri. Sikujua ni mzuri kiasi hiki."

Jioni redio ya taifa ilitangaza kuwa Uwandani imevunja rekodi ya dunia.

*

Kabla ya kuondoka Waziri aliletewa jalada. Kalamu ilikuwa tayari. Lakini Bwana Mtimba, aliyekuwa amefikiri tangu saa saba, alimnong'oneza kwamba mtu hawezi kufukuzwa kwa kupanda mahindi ambayo Mheshimiwa ndiye aliyeyapanda. Waziri aliliona hilo haraka. Barua ikachanwa nusu. Nusu ya pili, alisema Bwana Mtimba, itachanwa msichana akitia saini karatasi inayoeleza kwamba hakupanda chochote.

Nyamizi aliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa mezani. Basi la kwenda kwao lilikuwa linapita kesho yake saa kumi na mbili asubuhi.

"Saini hapa," alisema Bwana Mtimba.

Aliisoma. "Bwana, hii si kweli."

"Binti," alisema Bwana Lwambano, "saini, mwanangu. Utakuwa unasoma."

Nyamizi aliichukua kalamu. Kisha akauliza kama anaweza kuiona mihtasari ya Kamati ya Dharura. Aliletewa. Alisoma kurasa zote, akafuta mstari mmoja kwenye karatasi yake, akaandika mwingine juu yake na kutia saini. Aliandika: Mimi, Nyamizi Kasubi, sikupanda mahindi. Nilipanda magugu, ekari nane, kama yalivyothibitishwa na Kamati, ukurasa wa tatu.

Bwana Mtimba aliusoma mstari huo mara nne. Aliulinganisha na mihtasari, ambayo ilikuwa na saini yake. Alitafuta katika sheria zote za Uwandani adhabu ya mtu aliyepanda magugu, na hakuiona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri itahitajika. Nusu ya pili ya barua ikachanwa.

*

Mengine ni machache. Swali jipya liliongezwa kwenye mtihani wa kuingia: Mahindi hukomaa kwa muda gani? Waliojibu saa tatu walipewa alama mbili. Waliojibu miezi minne walikuwa elfu thelathini na sita, na wote walirudi kulima.

Februari iliyofuata Waziri alithibitisha kwa barua kwamba atafika Machi 15. Bango lilitundikwa, shimo likachimbwa, mwavuli ukafunguliwa. Mwanzoni mwa Machi Bwana Kibelenge alipima sauti za wanafunzi mia moja na ishirini, walio werevu kuliko wote nchini. Walishindwa mia moja na kumi na wanane. Kuna aliyekuwa mwimbaji wa kanisa tangu umri wa miaka mitano, akatoa mlio wa bawaba. Bwana Kibelenge aliandika taarifa ya masikitiko kwamba vipaji vya muziki Nyamburi vimeporomoka kwa njia isiyoelezeka.

Alipokuwa akifunga daftari, mlango ulifunguliwa, akaingia Mwalimu Mkuu. Bwana Lwambano alikuwa ameimba besi kwa miaka ishirini na miwili, na wimbo wa taifa huanza kwa sauti yake kila Jumatatu.

"Nipime na mimi," alisema.

"Mwalimu, wewe hakuna haja."

"Nipime, Kibelenge. Kanuni ni kanuni."

Alisimama wima, akavuta pumzi, akaimba. Mbwa wa mlinzi aliinuka akahama. Bwana Kibelenge aliiandika alama, na Bwana Lwambano akaomba nakala kwa ajili ya jalada lake.

Alipitia ofisini, akafungua kabati la kioo, na hakuvaa glavu. Nyuma ya bango wenzake walikuwa wamekwisha kupanga mistari. Nyamizi alikuwa mbele, na kamba na vigingi.

"Nyamizi," alisema Mwalimu Mkuu, jembe la Rais likiwa begani, "mvua za masika huanza lini?"

Msichana alitazama kwanza nani anauliza. Tone la kwanza lilianguka kwenye saruji nyeupe, upande wa pili, viranja wakaanza kukimbilia mwavuli.

"Zimeanza, Mwalimu," alisema. "Shika mstari huo."